Mkia Usiokatwa

Siku ya tisa tangu kitalu cha Mama Miche kiteketee, na kaka yake ndani yake, Inspekta aliingia katika maabara ya chuo bila kubisha hodi. Alimkuta mwanamke mzee amesimama mbele ya kompyuta, mikono kiunoni, akiitukana skrini kwa sauti ya chini.

"Mvivu wewe," alikuwa akisema. "Mvivu, tena mwongo."

Koplo, aliyekuwa bado anahema kwa ngazi za ghorofa tatu, akanong'ona, "Anaongea na nani huyu?"

"Naongea na mwanafunzi wangu," mzee akajibu bila kugeuka. "Hayupo hapa, bahati yake. Vaeni glavu, msiguse kitu, halafu mje mtazame."

Watu wa fani yake walimwita Mama Mikia. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amechunguza jambo moja tu: yale yanayotokea kwenye ncha za virusi vya mimea. Wanafunzi walimtania kwamba ukimwonyesha ng'ombe ataanza kumtazama nyuma. Alikuwa amestaafu, lakini chuo kilimwachia chumba hicho chenye friza mbili na harufu ya spiriti, na jina la utani alilichukua akaondoka nalo kama cheti.

Inspekta alikuwa amemletea mifuko miwili ya majani ya nyanya. Mfuko wa kwanza ulikuwa kielelezo namba moja katika jalada: jani ambalo kituo cha utafiti wa mimea kilidai limechumwa kwa Mama Miche. Juu ya jani hilo kituo kiliandika ripoti ya kurasa mbili, kwamba ugonjwa uliomaliza nyanya za bonde zima ulianzia kwenye kitalu chake. Ripoti ikasomwa kwa kipaza sauti uwanja wa soko siku ya Ijumaa. Jumamosi mchana watu kama arobaini walifika kitaluni na petroli. Kaka yake, aliyekuwa mlinzi, aliingia ndani kuvuta mpira wa maji, paa la plastiki likamwangukia likiwa linawaka. Mama Miche mwenyewe alikuwa mahabusu kwa kosa la kueneza ugonjwa wa mazao.

Mfuko wa pili aliujaza Inspekta kwa mkono wake, kutoka kwenye miche mitatu iliyosalimika nyuma ya tangi la maji, majani yake yakiwa na mabaka ya njano.

"Siku nne nzima tumezipoteza kwa yule jirani mwenye kitalu cha pili," alisema. "Alijitapa baa kwamba mama yule ataanguka. Kumbe siku yenyewe alikuwa hospitali, binti yake anajifungua. Ana mdomo tu. Sina siku nyingine za kupoteza, mama. Niambie umeona nini, na uniambie kama unavyomwambia mtu aliyefeli biolojia."

"Mimi nilifeli kweli," Koplo akasema.

"Unaonekana," Mama Mikia akajibu, akavuta kiti. "Sikilizeni. Kirusi cha mmea ni uzi mwembamba wenye maandishi. RNA. Uzi huo ukiingia kwenye jani, jani halikai likautazama. Lina vimeng'enya vyake vinavyotafuna nyuzi za kigeni kuanzia nchani, kama panya anavyoanza kamba. Kwa hiyo uhai wa kirusi uko kwenye ncha zake mbili. Kichwani kinavaa kofia. Mkiani kinajikunja fundo. Mko pamoja nami?"

"Tuko."

"Sasa fundo la mkiani lina kazi ya pili. Hapo ndipo kirusi kinapoanzia kujinakili. Kinaanzia hapo hapo, hakikosei hata herufi moja. Kama kuna kitu kinaning'inia nje ya fundo, hakinakiliwi. Kinabaki kwa mzazi. Watoto wote wanazaliwa na mkia safi, umekatwa palepale panapotakiwa."

"Na kitu kitaning'iniaje?" Inspekta akauliza.

"Ndilo swali. Shambani hakining'inii. Kinaning'inia pale mtafiti anapoutengeneza uzi mwenyewe, ndani ya kichupa, bila mmea. Sisi tunafanya hivyo kila siku kwa majaribio. Lakini kichupa hakina nidhamu ya kirusi. Kinaacha herufi za ziada mwishoni. Kila maabara ina za kwake. Za kile kituo ni kumi na moja, na mpangilio wake naujua, kwa sababu mtambo ule niliuunda mimi nilipofanya kazi huko, kabla sijastaafu."

Akagonga skrini kwa ukucha.

"Mfuko wa kwanza. Nimesoma nyuzi laki mbili. Zote zina herufi kumi na moja mkiani. Sisemi nyingi, nasema zote. Ripoti inadai mche huu ulikuwa mgonjwa mwezi mzima. Mwezi! Siku tatu tu ndani ya jani lililo hai, ningeona maelfu ya mikia safi. Hapa hakuna hata mmoja. Kirusi hiki hakijazaa mtoto. Hakijawahi kuishi ndani ya jani lolote duniani."

"Lakini kilikuwa juu ya jani."

"Kilipakwa, mwanangu. Kama unavyopaka siagi mkate."

Inspekta akaliandika hilo kwenye daftari lake.

"Na mfuko wa pili?"

"Mkia safi kabisa. Hicho kimeishi kwenye mimea miezi na miezi."

Koplo akashtuka. "Kwa hiyo kweli mama yule alikuwa na ugonjwa?"

"Alikuwa nao kama bonde zima lilivyokuwa nao. Wote wanakunywa mfereji mmoja. Lakini subiri. Mkia hujisafisha, tumbo halijisafishi. Miaka kumi iliyopita niliweka alama ya herufi chache katikati ya kirusi chetu cha majaribio, ili tusikichanganye na vya mashambani. Alama ile ile iko kwenye jani ulilochuma wewe kwa Mama Miche." Sauti ya mzee ikakatika, kisha ikarudi na ukali. "Kilitoka kituoni. Kilitoka kwenye banda letu la majaribio, kikashuka na maji. Na aliyeandika ripoti ile anajua, maana nilimfundisha mimi, ubaoni, kwa chaki, mwaka mzima!"

Akavua koti jeupe, akalitupa juu ya kiti.

"Mnakwenda huko sasa? Nakuja."

"Mama, hii ni kazi ya polisi."

"Na ile ni maabara yangu. Nipisheni mlangoni."

*

Kituo cha utafiti kilikuwa juu ya bonde, majengo matatu ya chini yenye mabati mekundu, na nyuma yake mabanda mawili ya plastiki. Mfereji ulipita chini ya ukuta wa nyuma kwenda mashambani. Inspekta hakwenda ofisini kwa mkuu. Alizunguka moja kwa moja hadi chumba cha kuoshea vyombo, alikokuwa fundi wa maabara, mwanaume wa makamo mwenye mabega yaliyoinama, akisugua vichupa kwenye sinki.

Akamwekea picha ya mfuko mbele ya macho.

"Saini hii ya nani?"

"Yangu, afande."

"Wewe ndiye uliyechuma jani hili kwa Mama Miche?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Jumatano. Asubuhi asubuhi."

"Ulikwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Uliingia hadi ndani?"

"Hadi ndani. Kwenye trei za katikati."

"Ulipofika mlangoni ulikuta nini?"

Fundi akafuta mikono kwenye aproni, polepole mno kwa swali dogo namna ile. "Mlango tu. Wa mbao."

"Mlango tu," Inspekta akarudia. "Nimehoji watu kumi na tisa waliowahi kukanyaga kitalu kile. Kabla sijawauliza chochote, wote wananisimulia beseni. Beseni la bluu la maji ya sabuni, katikati ya njia. Mama yule alikuwa haruhusu mtu apite bila kuosha mikono na viatu. Mkwe wake mwenyewe alioshwa mbele ya wageni, hadi leo wanachekana kwa hilo. Wewe ulilirukaje?"

Maji yaliendelea kumwagika kwenye sinki. Hakuna aliyeyafunga.

"Hukwenda," Inspekta akasema.

"Sikwenda."

"Jani ulilitoa wapi?"

"Kwenye bustani yangu hapo nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Mkuu alinipa kichupa kutoka friza, akaniambia nilipake, nilikaushe, nilifunge. Alisema ni sampuli ya mafunzo."

"Sampuli ya mafunzo." Koplo alisogea, uso umemwiva. "Na jina la mama wa watu kwenye mfuko, nani aliliandika? Kichupa?"

"Niliandika mimi."

"Uliliandika kwa mkono huo huo unaosugulia vichupa?"

"Koplo," Inspekta akasema.

"Afande, mtu amekufa kwa mwandiko wa huyu!" Pingu zilikuwa zimeshatoka kiunoni, zinalia.

"Nimeona. Bado." Akamgeukia fundi. Sauti yake ilikuwa tulivu, utulivu ambao Koplo aliujua na aliuogopa kuliko kelele. "Kuna kitu hakiniingii akilini. Mlikuwa na banda zima la mimea migonjwa. Jani la kweli, lenye kirusi cha kweli, lilikuwa hatua hamsini kutoka hapa. Kwa nini mpake?"

"Halikuwepo, afande. Tulishachoma yote."

"Lini?"

"Jumatatu. Habari zilipofika kwamba nyanya za bondeni zinakufa, mkuu alituambia tusafishe banda la pili, tusibakize hata mzizi." Akaelekeza kwa kidevu kwenye rafu iliyo juu ya mlango. "Imeandikwa. Daftari la tanuri hilo hapo. Niliiandika kwa sababu ndiyo kazi yangu, na hakukumbuka kuniambia nisiandike."

Inspekta akalishusha. Jumatatu, saa nne asubuhi: mimea ya banda la pili, yote, pamoja na udongo. Wino wa bluu, mwandiko ule ule wa kwenye mfuko.

"Na maji ya banda la pili yanakwenda wapi?"

"Kwenye shimo la dawa. Yanatakiwa kwenda huko." Fundi akafunga maji ya sinki. "Bomba lilipasuka wakati wa mvua. Yakawa yanaingia mferejini. Niliandika barua tatu kuomba lizibwe. Nakala ninazo."

"Barua tatu ulizijua kuziandika," Inspekta akasema. "Ya nne ya kuja kwangu ikakushinda. Siku nane mama yule yuko mahabusu, unasugua vichupa."

Fundi akalia bila sauti, akiwa amesimama, mikono imeshika aproni.

"Sasa mfunge," Inspekta akamwambia Koplo. "Tena umchukulie hizo nakala kabla hazijapata miguu."

*

Mkuu wa kituo alisimama alipomwona Mama Mikia, akafunga kifungo cha koti. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Shikamoo, mwalimu. Hukusema unakuja, ningekuandalia—"

"Shikamoo yako siitaki. Kaa chini."

Akakaa. Inspekta alibaki amesimama, akaweka mezani karatasi moja baada ya nyingine: matokeo ya mfuko wa kwanza, matokeo ya mfuko wa pili, ukurasa wa daftari la tanuri. Mkuu alizipitia kwa haraka ya mtu anayezijua, na alipofika kwenye mstari wa mikia jicho lake liligota pale.

"Hii inatokea," akasema. "Uchafuzi wa maabara. Vichupa vimekaa karibu, tone moja limeruka. Mwalimu analijua hilo vizuri kuliko mimi."

"Uchafu unachanganyika," Mama Mikia akasema. "Kama tone limerukia jani gonjwa, nitaona mikia michafu na mikia safi pamoja. Nionyeshe mkia safi mmoja humo. Mmoja tu, niende zangu nyumbani."

Mkuu akazipanga karatasi upya, ukingo kwa ukingo.

"Tume ya wizara ilitaka chanzo ndani ya siku mbili," akasema hatimaye. "Siku mbili! Mlitaka niwaambie nini? Kwamba kituo pekee chenye uwezo wa kutengeneza mbegu inayohimili ugonjwa huu ndicho kilichouachia? Wangekifunga. Kazi ya miaka kumi na tano, wafanyakazi sitini. Mbegu ile iko karibu, mwalimu, mimba ya miezi minane. Ikitoka, bonde lote litapona. Nilihitaji muda."

"Ukaununua kwa Mama Miche," Inspekta akasema. "Kwa nini yeye?"

"Kitalu chake ndicho kikubwa. Kingeeleweka haraka."

Alilisema hilo kama mtu anayeeleza kwa nini amechagua rangi fulani ya pazia. Mama Mikia alinyanyuka nusu kutoka kitini, akakaa tena.

"Siku mbili," akasema kwa uchungu. "Hukuwa na hata muda wa kuambukiza mche mmoja ukasubiri. Ungesubiri wiki tu, kirusi kingekukatia mkia, na mimi nisingeona kitu mkiani. Ulikuwa na haraka ya kumzika mtu akiwa hai, ukasahau somo la kwanza nililokufundisha."

"Mimi sikuwasha moto," mkuu akasema. Sasa sauti ilikuwa imepanda. "Liandikeni hilo. Sikubeba petroli, sikuwa hata karibu. Niliandika ripoti. Walioua ni wengine."

"Nani alipendekeza isomwe kwa kipaza sauti?"

Mkuu akatazama mlango.

"Tume inasema ripoti ilikuwa ya siri," Inspekta akaendelea. "Ilikwenda wizarani kwa bahasha. Lakini Ijumaa saa tano karani wa soko alikuwa na nakala mkononi, na amenipa jina la aliyempelekea. Ni dereva wako, na gari lako. Ulijua watu wamepoteza mazao, wana hasira, wanatafuta wa kumrukia. Ukawapa jina na njia ya kufika kwake. Simama."

"Nahitaji kumpigia wakili."

"Utampigia ukifika kituo cha polisi. Simama, nimesema!"

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kwa Inspekta kupaza sauti. Kioo cha dirisha kilijibu. Nje, kwenye ukumbi, wafanyakazi waliokuwa wamejikusanya wakarudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja, na mkuu wao akapitishwa katikati yao na pingu juu ya koti lililofungwa kifungo.

*

Saa tisa alasiri askari wa zamu alimleta Mama Miche chumba cha maelezo. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye viganja vilivyokauka kwa udongo. Nywele zake zilikuwa bado na majivu. Siku nane hakuna aliyempa maji ya kutosha kuzioshea.

Inspekta alimweleza yote, kuanzia bomba hadi kipaza sauti. Hakupamba na hakufupisha. Mama Miche alisikiliza akitazama ukuta.

"Kaka yangu mmemzika lini?" akauliza.

"Jumanne."

"Nani aliingia naye kaburini?"

"Baba yako mdogo. Na vijana wawili wa jirani."

"Na mimi nilikuwa hapa, mnanipigia hesabu kila asubuhi kama kuku." Akageuka. "Waliowasha ni akina nani?"

"Tuna wanne wenye mashahidi wa kutosha. Tunakwenda kuwachukua leo." Akamsogezea orodha.

Mama Miche aliisoma kwa kidole. "Huyu nilimpa miche ya bure mwaka wa mafuriko. Huyu simjui. Huyu..." Kidole kikasimama. "Huyu mwanawe alitumbukia mferejini, akanywa maji hadi tumbo likajaa. Aliyemtoa ni kaka yangu. Alimbeba mgongoni hadi zahanati. Huyu naye alikuja na petroli?"

"Mashahidi watatu wamemwona."

Mwanamke alikishusha kidole hadi mstari wa mwisho wa karatasi. Alipozungumza tena, hakulia. Maneno yalimtoka magumu, moja moja.

"Hii orodha haijaisha, afande. Jumapili ile nyumba yangu ilikuwa bado inanuka moshi. Maiti ya ndugu yangu haijaoshwa. Nilikuomba dakika kumi tu. Nilikwambia, panda na mimi juu ya mfereji, uone maji haya yanatoka wapi na yananuka nini, halafu ndiyo unichukue. Ulinijibu nini?"

Koplo akatazama sakafu.

"Nilisema ripoti inatosha," Inspekta akajibu.

"Ulisema ripoti inatosha. Ukanifunga mikono mbele ya wanangu." Akaisukuma karatasi kurudi upande wa pili. "Basi maliza orodha yako."

Askari wa zamu alikohoa mlangoni, akisubiri kumwona mahabusu akikemewa. Inspekta hakumkemea. Alinyanyuka kwenye kiti chake, akazunguka meza, akavuta kile cha plastiki ambacho hukaliwa na wanaohojiwa, akakaa.

"Koplo, chukua fomu ya maelezo. Kaa pale pangu."

"Afande?"

"Kaa. Uniulize kama unavyowauliza wengine, usiniruhusu kuzungukazunguka. Mama atasikiliza. Nikikosea atanirekebisha."

Koplo akakaa kwenye ncha ya kiti, kama mtu aliyekalia yai. Akaruka mstari wa jina na mstari wa kazi. Kalamu ilikwama, akaitikisa, akapangusa jasho la kidevu.

"Jumapili," akaanza, "saa tatu asubuhi, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mlangoni kwa mama huyu," Inspekta akasema, akimtazama Mama Miche usoni. "Nilikuwa na pingu mkononi, na nilikuwa sijasoma kitu kingine chochote zaidi ya ripoti ile."